Bastola ya Kulengea Karatasi

Jumatatu, 1 Julai 2024

Meza ya kulia chakula leo imekuwa karakana. Mume wangu ameifungua bastola. Anasafisha! Khatibu, rafiki yake wa baraza, kamwambia silaha isiyosafishwa humrudia mwenyewe, basi Mansuri wangu kaacha duka la vifaa vya ujenzi mikononi mwa Mungu, kakaa na simu, anatazama video. Mzungu wa kwenye video anaongea lugha ambayo mimi siijui, na Mansuri haijui. Anatikisa kichwa kama anaelewa.

Taulo langu la harusi ya binti yetu Shadia liko chini ya vyuma. Mswaki wangu ndio anasugulia. Nimeuliza, mbona wangu? Eti wa kwake una brashi laini. Mafuta ya cherehani yangu nayo kayachukua, chupa nzima.

Na bastola yenyewe! Mji mzima anauambia ni ya kuwakabili majambazi wa barabara ya Kibondo. Uongo mtupu. Ni ya mchezo. Marehemu baba yake mdogo alikuwa Tanga, kwenye klabu ya walenga shabaha. Walikuwa wanasimama mstari, mkono mmoja mfukoni, wanatoboa karatasi. Alipofariki ikaletwa huku Kasulu kwa taratibu zote, polisi, kibali, mihuri. Mtutu mrefu kama mdomo wa korongo. Risasi nyembamba kama kipande cha penseli.

Kaifyatua siku moja tu tangu aipate, shambani Titye, akililenga kopo la rangi. Kopo likabaki limesimama pale pale, kama mgeni asiyejua lugha. Watoto wa jirani wakacheka mpaka wakakaa chini. Akasema upepo.

Tumekula ugali jikoni, sahani magotini.

Jumanne, 2 Julai

Bado iko vipande.

Akiirudisha, kinabaki kitu. Jana jioni ilibaki springi. Leo asubuhi springi imeingia, kikabaki kichuma cha duara. Anafungua upya, anapangusa jasho, anamrudisha mzungu nyuma — "hapa, hapa, ngoja" — anamwambia mzungu ngoja!

Khatibu kaja, kaangalia meza, kasema mbona hicho cha kubaki hakina kazi, wazungu huweka vya ziada. Washauri tulio nao.

Mimi naingia stoo kwenye cherehani yangu, nashona. Cherehani naifungua na kuifunga macho yangu yakiwa mlangoni, na haijawahi kunibakizia hata skrubu. Lakini hiyo si kazi ya kiume, kwa hiyo haihesabiki.

Jumatano, 3 Julai

Shadia amekuja.

Kaja na basi la asubuhi kutoka Kibondo, mfuko mmoja wa nguo, mtandio umevutwa upande wa kushoto. Nimedhani jino. Nikamwambia karibu mwanangu, hajaitika. Nikazunguka mbele yake ndipo akaniona. Nimeshusha mtandio mwenyewe. Sikio limevimba na kuna damu kavu shingoni.

Omary. Mume wake. Yule muuza spea za pikipiki mwenye meno mazuri, aliyenipigia magoti siku ya posa na kuniita "mama yangu wa pili". Kofi moja, anasema Shadia. Kwa sababu aliitwa hakuitika haraka. Sasa hataitika kabisa upande huo! Tumeenda hospitali, daktari kachungulia na katochi kake, kasema ngoma ya sikio imepasuka, huenda ikajifunga, huenda isijifunge.

Nimeuliza, ni mara ya kwanza? Shadia katazama sakafu.

Baba yake alikuwa mezani na mswaki wangu mkononi. Kasikiliza yote. Hakupiga kelele. Kasema tu, "Jumamosi naenda Kibondo."

Nikamuuliza kufanya nini. Kaligeuza lile bomba la mtutu kwenye mwanga, kapuliza ndani. "Kuongea naye."

Karibu nicheke, Mungu anisamehe, na mwanangu yuko vile. Huyu? Huyu ambaye kila Iddi anamwita Khatibu amchinjie jogoo, yeye anazunguka nyuma ya nyumba kutazama migomba? Huyu ataongea na Omary kwa mtutu? Omary ana kifua kama mlango wa benki.

Alhamisi, 4 Julai

Félicité kaniletea vitenge. Ni mfanyabiashara mwenzangu, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, akipata kibali cha kutoka huja mjini mimi namuuzia mzigo. Kaona meza, kasimama pale pale mlangoni kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mama Siti, ile ni ya nani?" Wao Kongo huweka Mama mbele ya jina lako mwenyewe.

Nikamwambia, ya bwana. Mchezo tu. Karatasi.

"Haina muchezo ile kitu. Kwetu Fizi nimeona." Hakutaka kupita karibu na meza, kazungukia uani. Tukakaa na vitenge vyetu. Nikamweleza habari ya Shadia, na safari ya Jumamosi. Nikamweleza kwa kucheka, maana ndivyo ninavyoeleza mambo ya Mansuri. Yeye hakucheka.

"Anaweka na risasi?"

Nikasema ataweka, si lazima ajione dume.

Kakunja kitenge, kakikunjua. Kaka yake, anasema, alikuwaka anatengeneza bunduki za basoda, yaani askari. "Kako kasindano ndani. Kadogo. Ukikatosha, ukikaondoa, bunduki yote inabakia chuma bure. Inalia tu, ta! Haipige mutu."

Nikamwambia Félicité, mume wangu hawezi kumpiga hata kuku.

"Basi vraiment, kweli, kama hawezi, ukitosha hatapungukiwa kitu."

Wanawake wa kambini wana maneno.

Ijumaa, 5 Julai

Kaenda msikitini. Vyuma viko kwenye sinia, vimefunikwa taulo, visafi kuliko vyombo vyangu. Kavipanga kwa mstari, kimoja baada ya kingine. Hilo nampa. Mara ya kwanza namwona anapanga kitu.

Nimefunua taulo. Nikasema nitazame tu.

Kasindano nimekaona bila kutafuta. Kanafanana na njiti ya kiberiti, ila ka chuma, ncha yake butu. Nimekachukua. Sasa kako kwenye kopo langu la sindano za cherehani, kamelala na wenzake.

Wala si kwamba naogopa atampiga Omary. Hapana! Naogopa atajipiga mwenyewe mguu akishuka garini. Au atampiga Khatibu kisogoni — gari ni la Khatibu, Khatibu ndiye dereva, na Mansuri ana mikono ya kutetemeka hata akishika kikombe. Nani ataniuguzia?

Kurudi msikitini kaosha mikono, kakaa, kaanza. Nilikuwa mlangoni pa stoo, nachungulia kama mwizi wa kuku. Kaweka hiki, kaweka kile, kasukuma, ikasema kra-kra. Kakodoa macho. Hakuna kilichobaki mezani! Hata kimoja! Kageuza sinia, kainama chini ya meza. Hakuna.

"Mama Shadia! Imeingia yote!"

Furaha ile. Kanionyesha kama mtoto aliyepata namba moja. Siku zote hizi ilikuwa inabakiza, leo imepungua ndiyo kaona imetimia.

Nikamwambia hongera, mume wangu fundi.

Baadaye nikamwona anajaza risasi. Moja moja, kwa kidole gumba, polepole, midomo inatembea. Nilidhani anahesabu. Alikuwa anasoma dua.

Jumamosi, 6 Julai

Wameondoka baada ya chai. Kavaa koti la harusi, joto hili! Mfuko wa ndani umevimba upande mmoja, anatembea kainama kama mwenye kichomi. Khatibu kapiga honi kama wanaenda kuchukua bibi harusi.

Shadia kauliza baba anaenda wapi. Nikajisahau nikamjibia upande mbovu. Nikazunguka nikamwambia tena: Kibondo, kuongea na mumeo. Kashika mdomo. "Ameichukua?"

Nikamwambia usihofu mwanangu. Unamjua baba yako.

Wamerudi alasiri. Khatibu ndiye kaingia wa kwanza, machozi ya kicheko yanamtoka. Mansuri kapita moja kwa moja uani kunawa.

Habari kama alivyoileta Khatibu: wamemkuta Omary dukani kwake, katikati ya matairi, wateja wapo. Mansuri kamwambia, "Umempasua mwanangu sikio." Omary kasema, mzee karibu kiti, mambo ya ndani hayo tuyaongee ndani. Na kutabasamu juu. Mansuri kaitoa. Kamwelekezea hapa, kwenye kifua. Watu wakalala chini! Khatibu mwenyewe kaingia nyuma ya pipa la oili. Kisha — tak. Na tena — tak. Omary katazama kifua chake, akaanza kucheka. Mansuri naye akacheka. Watu wakainuka, wakacheka, duka zima. "Mzee kaja na toi!" anasema Omary, "mzee muuaji wa karatasi!" Wakaagiziwa soda.

"Bwana huyu ni mwigizaji," anasema Khatibu. "Hata mimi kaniogopesha. Na hakuniambia haina risasi!"

Nikauliza na njiani kurudi? Khatibu kasema njiani kafika Makere akaomba gari lisimame, katapika. Eti ni samaki waliokula Kibondo.

Nimecheka na mimi. Nimemwekea chakula. Hakula.

Jumapili, 7 Julai

Habari imefika Kasulu kabla ya kuku kuamka. Sokoni Mama Esteri wa nyanya kaniuliza kama mume wangu anauza na bastola za maji za watoto. Nikamjibu, anauza, za kunyunyizia nyanya zilizooza kama hizi.

Ila mimi ndani siko sawa.

Shadia ana raha kidogo leo. Anamtazama baba yake kwa jicho jipya. "Mama, baba ana akili. Kamtia hofu na aibu mbele za watu, na hakumwaga damu. Alijua haina kitu."

Haina kitu! Nilimwona akijaza. Risasi kwa risasi.

Mansuri kashinda uani, anatazama migomba.

Jumatano, 10 Julai

Nimemuuliza.

Shadia alikuwa kaenda kwa daktari. Tulikuwa wawili tu, nachambua maharage, yeye kakaa kwenye kigoda bila kazi. Siku tatu hajagusa bastola, hajafungua simu, hajamsikiliza mzungu.

Nikasema, Baba Shadia, ulivuta ukijua?

Kasema, hata sauti haikupanda:

"Nilivuta. Ikasema tak. Nikaona bado anatabasamu. Nikavuta tena."

Nikamuuliza, na kucheka je?

"Nilifanyaje sasa? Watu wote wananitazama. Yeye ndiye alianza kucheka, nikamfuata. Ningesema nini, samahani, nilikuja kukuua, imekataa?"

Maharage yakanimwagika.

Kasema kifua cha Omary kilikuwa karibu, hapa na pale kwenye ndoo. Kasema hata yeye asingekosa. Kasema alipokuwa anatapika Makere, aliona nguo ya Omary, fulana ya bluu, ina kitobo kidogo ambacho hakikuwepo. Anakiona mpaka sasa. Kikombe kikiwa mbele yake anakiona.

Miaka yote nimeishi na mtu huyu. Nimemcheka mbele ya dada zangu, mbele ya Félicité, mbele ya mwanangu. Jogoo, kopo la rangi, kila kitu nimekifanya hadithi. Nilijua kila kitu chake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa najidai.

Sikumwambia habari ya kasindano. Nilitaka. Nikainama kuokota maharage.

Ijumaa, 12 Julai

Jana kaifungua tena. Mimi stoo, nashona, nasikia vyuma. Mzungu wa video anaongea, anasimamishwa, anarudishwa, anasimamishwa. Halafu nikasikia Mansuri anasema, peke yake, taratibu:

"Kumbe."

Nikaondoa mguu kwenye pedali.

Hakuja. Hakuita. Kafunika taulo, kavaa viatu, katoka. Kurudi kapita stoo, kaweka juu ya cherehani kifuko cha dukani. Ndani kuna chupa mpya ya mafuta ya cherehani na mswaki mpya. Rangi ya waridi. Kaondoka hata sijasema asante.

Basi anajua. Na anajua najua kwamba anajua. Tumekula pamoja, kaninyofolea mnofu wa samaki mgebuka akaweka upande wangu. Sikuweza kumtania. Nilitafuta neno moja tu la kejeli la kuvunja ule ukimya, sikulipata, mimi!

Simu imekuja kutoka Kibondo. Mzee Nurudini, baba mkubwa wa Omary, anasema watakuja Jumapili kama waungwana, kumaliza jambo na kumchukua mke wao. "Mke wao." Kama godoro walilolisahau.

Nimemuuliza Shadia unataka nini. Kasema wakija nitajua. Kasema huko ana cherehani yake, ana kuku wake, na Omary akiwa mzuri ni mzuri. Akiwa mzuri! Hata mvua ya mawe ikikatika ni nzuri.

Jumapili, 14 Julai

Wako sebuleni sasa hivi. Naandika nimesimama, juu ya cherehani.

Wamekuja wanne. Mzee Nurudini na kofia yake ya darizi, wazee wawili wa kukohoa ambao hata sijatajiwa majina, na Omary. Kaleta kilo za sukari na kanga. Sikio kwa sukari! Kaingia anacheka, meno yote nje, kanipigia magoti tena, mama yangu wa pili. Nimemwacha pale chini mpaka akachoka.

Mzee Nurudini kasema ya siku zote. Nyumba ni kuvumiliana. Sahani kabatini hugongana. Mikono ya vijana ni myepesi. Nikamuuliza, mzee, wewe umepasuliwa sikio lipi kati ya hayo mawili, la kushoto au la kulia? Wazee wakakohoa. Mansuri katulia kitini, macho kwenye fulana ya Omary. Ya bluu. Kaja nayo ile ile! Sijui kwa makusudi au kwa upumbavu.

Halafu Omary, mdomo haumkai, kasema, "Baba mkwe, leo hujatutolea ile toi?" Akajipiga kifuani na viganja. "Lenga basi, nipo!"

Wakacheka wote, hata mwenye kukohoa. Shadia hakucheka, sijui alisikia.

Mansuri kainuka, taratibu, kasema samahani wageni, kaingia chumbani. Na mimi nikamfuata.

Kakaa kitandani. Kavitandaza vyuma juu ya taulo, mstari mmoja, kama vile alivyokuwa anavipanga. Mikono haitetemeki kabisa. Ningependa itetemeke.

"Siti," kasema. Siku zote mimi ni Mama Shadia. "Chagua."

Nikamuuliza nichague nini.

"Chochote. Chukua tena. Ile pini uliyoichukua peke yake haitoshi, nimeshaona kwenye simu fundi anachonga nyingine kwa msumari. Chukua kikubwa. Chukua mtutu ukautupe chooni. Mimi nikichukua nitarudisha. Leo sijiamini."

Kaniambia hivyo, na machozi hana. Nikanyoosha mkono. Mkono ukafika juu ya vyuma ukasimama. Kule Omary anacheka, yule mzee anacheka. Na mimi — niandike tu, nani atasoma — sikutaka kuchukua. Nilitaka kurudisha.

Nikasema ngoja. Nikaja huku stoo.

Kopo limefunguka, kasindano kako kiganjani kwangu. Kana baridi, ingawa chumba ni cha moto. Kutoka hapa hadi kitandani ni pazia tu. Namsikia anapumua. Ananisubiri, hakunihimiza.

Sebuleni Omary anamsemesha Shadia. Amekaa kushoto kwake, mpumbavu, hata hajui alipompiga. "Shadia. Twende ukafunge mizigo." Hajibu. "Shadia." Hajibu, hajasikia! "We! Si naongea na wewe?" Sauti imepanda. Mzee Nurudini hasemi. Hakuna anayesema.

Kitanda kimelia. Mansuri amesimama.

Mimi niko karibu na mlango wa sebule kuliko yeye. Kasindano nimekatupa ndani ya cherehani, katikati ya magurudumu, akitafute anayeweza. Mkasi wa kitenge nimeuacha mezani, sichukui kitu. Natangulia mimi, nikasimame kati ya Omary na mwanangu —